Akaunti ya benki kwa anayeishi kaskazini mwa Kenya: tafuta wakala kwanza

Kila Januari shule zinapofunguliwa, simu yangu hulia kwa swali lile lile. "Nimepangiwa kazi North Horr. Nifungue akaunti benki gani?" Walimu wakimaliza, huja wauguzi. Wakiisha wauguzi, huja kijana aliyeuza ng'ombe watatu kwenye mnada wa Merille na hataki kulala na noti chini ya mto. Majibu nimeyarudia hadi nimechoka, kwa hivyo nayaandika mara moja.

Nilikuwa wakala wa kuwekea na kutolea watu pesa kwa miaka saba katika kituo kidogo ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Duka moja, sanduku moja la chuma, simu mbili. Naijua sura ya mtu aliyetembea saa tatu kuja kutoa shilingi 2,000, akaambiwa pesa zimeisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia.

Huku kwetu mtu akisafiri kwenda Nairobi husema anaenda "Kenya". Ushauri mwingi wa mambo ya benki umeandikwa kwa ajili ya watu wa hiyo Kenya: riba ni ngapi, programu ipi ya simu ni nzuri, kadi gani ina zawadi. Ukiwa Loiyangalani, Sololo, Lokitaung au Elwak, maswali hayo yako mwisho wa foleni. La kwanza ni hili: hapo ulipo, ni nani atakayekupa noti mkononi siku unapozihitaji? Mpate mtu huyo, kisha soma jina lililoandikwa kwenye kibao chake. Hiyo ndiyo benki yako.

Nawalenga wanaoishi vituoni na vijijini katika kaunti za Marsabit, Turkana, Wajir na Mandera, pamoja na sehemu za ndani za Samburu na Isiolo. Kama unaishi Marsabit mjini, Lodwar, Wajir mjini, Mandera mjini au Moyale, matawi unayo, Equity na KCB zote ziko huko. Hatua ya 2 na ya 3 unaweza kuzipitia haraka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kitambulisho cha taifa, chenyewe, si picha yake kwenye simu. Tawi litakidai, na wakala anatakiwa kukiona kila unapotoa pesa.

PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi. Kufungua akaunti ya benki ni moja ya shughuli ambazo sheria inazidai PIN. Kama huna, utaipata mtandaoni au utasaidiwa Huduma Centre ya mji wa kaunti. Hapa ndipo vijana wengi hunaswa: ukishapata PIN, unatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hukupata shilingi. Anayesahau hupigwa faini, nayo kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Nimeona mtu aliyechukua PIN kwa ajili ya akaunti ya shilingi 1,500 akadaiwa zaidi ya alichoweka.

Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Si ya kaka, si ya mume. Huku laini moja hutumiwa na boma zima, na siku mwenye jina akihamia malisho ya mbali, akaunti yako inahama naye.

Picha mbili ndogo za pasipoti, jina na nambari ya kitambulisho ya ndugu wa kuandikwa mrithi, na barua ya ajira kama mshahara utapitia hapo. Shilingi 1,000 za kuanzia. Daftari.

Na wiki mbili. Sitanii. Usifungue akaunti siku unayoshuka kwenye gari.

1. Andika pesa zako zinaingiaje na zinatokaje

Ukurasa mmoja unatosha. Upande wa kushoto, zinazoingia: mshahara wa mwisho wa mwezi, mauzo ya duka kila jioni, mbuzi wawili kila baada ya miezi minne, pesa anazotuma binti aliye Nairobi. Upande wa kulia, zinazotoka: chakula, karo, deni la duka, pesa za kumtumia mama.

Kisha jiulize ni ngapi kati ya hizo zinalazimika kuwa noti. Hapa wageni hushangaa. Mwenye duka, dereva wa lori na hata muuza miraa wengi hupokea kwa simu. Mwenye mbuzi aliyetoka fora, kambi ya mbali ya mifugo, anataka noti, na muuza maziwa barabarani pia. Mwalimu mmoja aligundua kwamba kati ya shilingi 30,000 alizokuwa akizitoa zote kila mwezi, zilizohitaji kuwa noti hazikufika 8,000. Nyingine alikuwa akizitoa kwa ada, kisha anaziweka tena kwenye simu ya mtu mwingine.

Onyo kwa wenye wazazi wazee: kama mzee yuko kwenye mpango wa HSNP au Inua Jamii, ile ya serikali ya kuwatumia pesa wazee na wasiojiweza, usimbadilishie akaunti wala laini kabla ya kumuuliza chifu au afisa wa mpango malipo yanapitia njia gani sasa. Njia hiyo imewahi kubadilishwa. Jina la mzee likiwa kwenye njia moja na akaunti yako nzuri ikiwa kwenye nyingine, malipo hukwama, na kuyakwamua kutamsafirisha mzee, si wewe.

2. Wahesabu mawakala, kisha wajaribu siku mbaya

Tangu 2010 Benki Kuu iliporuhusu benki kufanya kazi kupitia mawakala, duka la sukari na unga limekuwa ndilo tawi letu. Pita kituo chote na uandike kila kibao unachokiona: M-Pesa, Equity, KCB, Co-operative, na kadhalika. Kibao si ushahidi. Vingine vimepauka kwa jua na mwenyewe aliacha kazi hiyo zamani.

Sasa nikueleze jinsi wakala anavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hili umeelewa nusu ya mwongozo.

Wakala ana vyungu viwili. Kimoja kina noti, kingine kina floti, yaani pesa zilizo ndani ya simu au mashine. Ukija kutoa, unachota kwenye chungu cha noti na kumimina kwenye cha floti. Ukija kuweka, kinyume chake. Jumla haibadiliki, ila chungu kimoja hujaa kingine kikikauka. Mwisho wa mwezi walimu wote huja kutoa: noti zinaisha saa nne asubuhi. Siku ya mnada wafanyabiashara wote huja kuweka: floti inaisha, nawe ukija kuweka unaambiwa urudi kesho. Kuvijaza upya, wakala wa mjini hutembea hadi benki. Wakala wa kijijini hungoja gari, au humngoja mwenye lori la mizigo aliye na noti nyingi wabadilishane.

Kwa hivyo usimjaribu wakala Jumatano tulivu ya katikati ya mwezi. Nenda siku mbili ngumu: siku ya pili baada ya mishahara kuingia, na jioni ya siku ya mnada. Keti dukani, nunua soda, tazama. Muulize mambo matatu:

- Kiasi gani kikubwa anaweza kukupa kwa siku moja bila kumwarifu mapema?
- Noti huzipata wapi, na baada ya siku ngapi?
- Akisafiri, nani anabaki na sanduku?

Ambaye duka lake lenyewe linauza sana ni bora kuliko anayefanya uwakala peke yake, kwa sababu noti za wanunuzi humrudishia chungu kila siku. Mwenye jumla ya unga, mwenye pampu ya mafuta, mwenye duka la dawa: anza na hao.

Benki ikiwa na mawakala wawili wazuri hapo, iandike daftarini. Ikiwa na mmoja tu, iandike kwa penseli. Ikiwa haina, ifute, hata kama ndiyo benki aliyotumia baba yako.

3. Upime mtandao kabla ya kuuamini

Huduma za benki kwa simu huja kwa njia mbili. Kuna programu inayohitaji intaneti, na kuna menyu ya kubonyeza nyota na alama ya reli: *247# kwa Equity, *522# kwa KCB, *667# kwa Co-operative. Menyu hufanya kazi kwenye simu ya kawaida ya vibonyezo na haihitaji intaneti. Huku, chagua benki ambayo menyu yake inafanya kila kitu unachohitaji, programu iwe nyongeza.

Kwa siku tano, andika daftarini ishara ya laini ilivyo asubuhi, mchana na usiku, pale unapolala na pale alipo wakala. Laini ya Safaricom ndiyo yenye minara mingi zaidi kaskazini, lakini usimwamini mtu, pima mwenyewe. Uliza pia mnara wa hapo unatumia nini. Unaotegemea jenereta huzimika dizeli ikichelewa, na dizeli huchelewa barabara ikikatika. Upande wa Mandera, Wajir na Garissa kuna minara iliyowahi kulipuliwa na wanamgambo, na watu wakakaa siku nyingi bila mawasiliano.

Tangu Starlink iingie nchini 2023, baadhi ya maduka na shule zina intaneti ya setilaiti, na wageni hudhani shida imekwisha. Haijaisha. Benki inapotaka kuthibitisha kwamba ni wewe, hutuma nambari ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, nao hupitia mnara wa laini yako, si sahani iliyo juu ya bati. Nimemwona daktari mwenye intaneti ya kasi kuliko ya Westlands akipanda kilima na simu mkononi kutafuta ujumbe wa tarakimu sita.

4. Piga hesabu ya safari, si ya ada peke yake

Sasa umebaki na benki mbili, labda tatu. Watu hukimbilia kulinganisha ada za mwezi na riba ya akiba. Tufanye hesabu ya kwetu.

Tuseme kutoa pesa kwenye ATM ya benki A ni shilingi 40, na kutoa kwa wakala wa benki B ni shilingi 150. A inaonekana rahisi. Lakini ATM ya A iko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 3,000. Lala usiku mmoja, 800. Kula, 500. Shilingi 40 zimekuwa 4,340, na siku mbili za kazi zimepotea. Kwa pesa hizo ungetoa kwa wakala wa B mara 28.

Weka nauli ya kweli ya kwako, kisha uongeze mistari hii kwa kila benki:

- ada ya kuitunza akaunti kwa mwezi, kama ipo;
- ada ya kutoa kwa wakala, kwa kiasi unachokitoa kwa kawaida;
- ada ya kuhamisha kutoka benki kwenda M-Pesa, na kurudi;
- ada ya taarifa ya akaunti iliyopigwa muhuri (utaihitaji siku ya kuomba mkopo au viza);
- kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki ndani.

Usisahau kwamba serikali nayo hukata ushuru juu ya ada, kwa hivyo bei ya bango na makato ya kwenye ujumbe huenda visilingane. Mwombe mtu mwenye akaunti hiyo akuonyeshe ujumbe wa makato yake. Ujumbe haudanganyi.

Ada za kutoa hupanda kwa ngazi kulingana na kiasi. Kutoa mara moja 10,000 mara nyingi ni nafuu kuliko kutoa 2,000 mara tano. Lakini usiitafute nafuu hiyo hadi ukalala na noti za mwezi mzima kwenye nyumba isiyo na kufuli.

5. Chagua aina ya akaunti

Hapa ni haraka. Mwenye mshahara achukue akaunti ya mshahara. Mara nyingi haina ada ya mwezi, na mkopo hupatikana humo. Mwenye duka achukue akaunti ya biashara inayounganishwa na nambari ya malipo ya dukani, ili mauzo yasichanganyike na pesa za nyumbani. Mfugaji anayeuza mara tatu kwa mwaka achukue akaunti ya akiba isiyo na ada ya mwezi, la sivyo makato yatakula mbuzi mzima kimyakimya wakati wa kiangazi.

Asiyetaka riba anazo benki za Kiislamu: Gulf African, Premier (iliyokuwa ikiitwa First Community) na DIB. Na benki kubwa nazo zina dirisha la Kiislamu, kama Sahl ya KCB. Kwa kijijini, dirisha hilo ndilo lenye maana zaidi, kwa sababu unatumia mawakala wale wale wa benki kubwa. Muulize afisa jambo moja: wakala wa kawaida anaweza kuhudumia akaunti ya Sahl, au nitalazimika kufika tawini?

Kikundi cha akina mama au chama kifunguliwe akaunti ya kikundi, yenye watia saini watatu, na angalau mmoja awe mtu asiyehama na mifugo. Vikundi vingapi vimekaa miezi minane bila kugusa pesa zao kwa sababu mweka hazina yuko Huri Hills na katibu amekwenda kujifungua Isiolo!

Kuhusu usalama: akiba ya benki inalindwa na shirika la bima ya amana, KDIC, hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, iko chini ya utaratibu mwingine, haimo kwenye bima hiyo. Si kwamba Sacco ni mbaya. Ya walimu ninaiheshimu sana. Ila usiseme "pesa ziko salama kama benki" bila kujua.

6. Fungua akaunti, na usitoke tawini mapema

Benki nyingi sasa hufungua akaunti kwa simu au kupitia wakala kwa dakika chache. Kwa mtu wa mbali mimi hushauri, ukipata nafasi ya kufika mjini, fungulia tawini. Akaunti ya simu mara nyingi huanza na mipaka ya kiasi hadi ufike kutoa saini na alama za vidole, na mipaka hiyo utaigundua siku mbaya kuliko zote, siku umeuza ng'ombe.

Fika asubuhi, usifike tarehe za mwisho wa mwezi, na kabla hujaondoka hakikisha yafuatayo yamefanyika ukiwa umesimama pale pale:

a) Jina kwenye akaunti, kitambulisho, PIN ya KRA na laini ya simu yanalingana herufi kwa herufi. Majina yetu huandikwa kwa njia nyingi: Abdi na Abdy, Guyo na Guyyo, Ekal na Ekaal. Herufi moja inatosha kuzuia mshahara.

b) Menyu ya simu imesajiliwa na umeweka nambari ya siri mwenyewe. Usimpe afisa simu akuwekee.

c) Kadi, kama umeitaka, umeshaipokea na umeijaribu kwenye ATM ya hapo. Kadi inayoambiwa "itakuja baada ya wiki mbili" maana yake ni safari ya pili. Waombe waiahirishe hadi utakaporudi mjini kwa shughuli zako.

d) Umeweka 500 na kutoa 200 kwa simu, na ujumbe umefika.

e) Umeuliza: akaunti ikikaa muda gani bila kuguswa inalala? Inaamshwaje, kwa simu au kwa kufika?

f) Umepata nambari ya simu ya tawi lenyewe, pamoja na ile ya huduma kwa wateja ya Nairobi. Anayejua kwamba barabara ya Chalbi imejaa maji ni mtu wa tawi.

Mzee asiyejua kusoma hutia kidole gumba badala ya saini. Aende na mtu anayemwamini, lakini nambari ya siri aijue yeye. Kumwachia mjukuu kadi na nambari ni kumwachia mjukuu akaunti.

7. Jaribu mwezi mmoja kabla ya kuhamisha mshahara

Rudi kijijini na uitumie akaunti kwa kiasi kidogo. Toa kwa wakala wa kwanza, toa kwa wa pili. Hamisha kwenda M-Pesa. Mtumie mtu wa benki nyingine kwa PesaLink, ambayo hufanya kazi usiku na mchana na hubeba hadi shilingi 999,999 kwa mara moja. Andika kila kato. Mwezi ukiisha, linganisha na hesabu yako ya hatua ya 4. Ikilingana, peleka barua ya kubadilisha akaunti ya mshahara. Isipolingana, umepoteza shilingi mia chache tu.

Kosa la kila mwaka: mwalimu mpya huchukua mkopo mwezi wa kwanza kwa sababu afisa wa mauzo alikuja shuleni na kalamu za bure. Mkopo wa miaka minne unakufunga kwenye benki hiyo hata kama wakala wake pekee kijijini atafunga duka kesho. Jaribu kwanza, kopa baadaye.

8. Weka njia ya pili

Akaunti moja haitoshi huku. Sisemi ufungue benki tatu. M-Pesa ndiyo njia ya pili ya wengi, na inatosha, mradi ujue mipaka yake: ninapoandika haya, huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja wala kuweka zaidi ya 500,000 ndani. Kwa mfugaji anayeuza ngamia sita siku moja, mipaka hiyo si mbali.

Weka pia noti za wiki mbili za chakula, katika noti ndogo. Noti ya elfu moja dukani kijijini ni kama jiwe, hakuna wa kukuvunjia.

Mlioko Moyale: M-Pesa ya Ethiopia na ya Kenya ni akaunti mbili tofauti zenye pesa tofauti. Laini ya upande mmoja si mkoba wa upande wa pili.

Mambo yakikwama

*Wakala anasema hana noti.* Usimgombeze, atakuficha kesho. Muulize nani ameweka pesa leo au atakayeweka jioni. Mwachie nambari yako akupigie. Wakala mzuri huwapangia wateja wake, na mimi nilikuwa nikiwawekea wauguzi zamu yao kabla hawajafika. Kama ni kununua tu, mwombe mwenye duka umlipe kwa simu.

*Umeweka pesa kwa wakala na ujumbe haujafika.* Usiondoke dukani. Angalia salio kwenye menyu. Kama mtandao umekatika, chukua risiti au andika kwenye daftari lake kiasi, saa na sahihi yake, piga picha. Na kanuni ya jumla: mtandao usipokuwepo, usimpe mtu noti kwa ahadi ya "nitakuwekea ukirudi". Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua za watu hivyo, kwa nia njema, nikachanganya wawili. Ilinichukua wiki kupatanishwa na mmoja wao.

*Umetuma M-Pesa kwa nambari isiyo sahihi.* Tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja. Pesa zikiwa bado hazijatumiwa, zina nafasi ya kurudi. Ukingoja hadi jioni, nafasi hiyo hupungua.

*Laini imepotea au imezimika ghafla bila sababu.* Azima simu, piga benki wafunge huduma ya simu kabla hata ya kutafuta laini mpya. Kuzimika ghafla kunaweza kuwa mtu amebadilisha laini yako mahali pengine. Kwa Safaricom, piga *100*100# mapema, ukiwa bado na laini, ili laini yako isiweze kubadilishwa na wakala yeyote bila wewe kufika dukani kwao.

*ATM imemeza kadi mjini na gari linaondoka.* Usingoje kadi. Ifunge kwa simu, tumia menyu na wakala, uombe nyingine utakaporudi. Ndiyo maana hatua ya 6(b) imekuja kabla ya 6(c).

*ATM imekata pesa bila kutoa noti.* Hifadhi ujumbe, andika saa na mahali ilipo mashine, ripoti siku hiyo hiyo na udai nambari ya malalamiko. Bila nambari hiyo utaanza hadithi upya kila unapopiga.

*Akaunti imelala.* Ikiwa ni miezi kadhaa, benki yenyewe huiamsha. Ikifika miaka mitano bila kuguswa, sheria inaitaka benki ipeleke pesa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Hazijapotea, ila kuzidai ni makaratasi. Mfugaji anayehama na aweke hata shilingi 50 kila anapopita kituoni.

*Mnara umezima, barabara imekatika, na una pesa za kutosha ambazo huwezi kuzigusa.* Hutokea kila mvua kubwa, Chalbi ikigeuka ziwa. Hapo kinachofanya kazi ni daftari la deni la mwenye duka, nalo huandikwa jina la mtu anayejulikana. Wiki yako ya kwanza kijijini, kabla hujahitaji chochote, nenda ujitambulishe, kopa unga wa kilo mbili ingawa huna haja ya kukopa, na ulipe siku moja kabla ya siku uliyosema.